Shimo Likijaa, Kazi ni ya Nani?

Mhadhara wa wazi uliotolewa Mlali, Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma



Nimekuja Mlali kuzungumza jambo ambalo tumelelewa kulitaja kwa kunong'ona. Leo nitalitaja kwa sauti. Mficha uchi hazai, na kijiji kinachoona haya kutaja kinyesi chake hukikuta kisimani.

Swali langu ni moja. Shimo la choo likijaa, kazi ya kuondoa kilichomo, kukisafirisha, kukisafisha na kukirudisha ardhini bila kumdhuru mtu ni ya nani? Ni ya mwenye nyumba peke yake, au ni ya umma kama ilivyo barabara na shule? Nimelifuatilia swali hili katika nchi tajiri na nchi maskini, na jibu nililolikuta ndilo lililonileta hapa. Penye huduma ya kusafisha majitaka, umma ulikubali kuubeba mzigo huo. Pasipo huduma, mara nyingi sheria ilimwambia mwenye nyumba: hilo ni shimo lako, utajua mwenyewe. Fedha ina nafasi yake, lakini uamuzi wa nani abebe mzigo ndio unaotangulia.

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2022, ni asilimia 58 hivi tu ya majitaka ya majumbani duniani yaliyosafishwa kwa usalama. Yaliyobaki yaliingia mitoni, baharini na mashambani bila kusafishwa inavyotakiwa. Mwaka huohuo watu milioni 419 walikuwa bado wanajisaidia porini au pembeni mwa njia. Mataifa yaliahidiana mwaka 2015 kwamba ifikapo 2030 majitaka yasiyosafishwa yapungue kwa nusu. Miaka iliyobaki mnaihesabu wenyewe.

Sisi wa Dodoma tuna historia yetu katika jambo hili. Wazazi wetu waliishi kwa kutawanyika, tembe moja mbali na nyingine, ng'ombe katikati, pori pande zote. Jua la huku likifanya kazi yake, na kaya zikiwa mbalimbali, ardhi iliweza kumeza kilichoachwa. Kisha mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Watu wakahamishiwa vijijini, nyumba zikasogezwa, kisima kikawa cha wengi, na kichaka kilichokuwa cha familia moja kikawa cha kijiji kizima. Hapo ndipo kinyesi kilipogeuka kuwa jambo la umma, hata kama hakuna aliyelitangaza hivyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipita redioni. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Ni kazi kubwa mno, na bado naiheshimu. Miaka ya karibuni tukasikia kampeni ya Nyumba ni Choo, na vyoo vikaongezeka tena, vingine vya tofali na bati, vyenye sinki na ndoo ya maji mlangoni.

Kampeni zote hizo zilisisitiza swali moja: una choo? Swali lililofuata, kikijaa utafanya nini, lilibaki nyuma.

Tupige hesabu pamoja. Wahandisi wa vyoo hukadiria kwamba mtu mmoja huacha shimoni lita 40 hadi 60 za tope kwa mwaka, baada ya maji kuzama na uchafu kuoza. Tuchukue lita 50. Familia ya watu 6 ni lita 300 kwa mwaka. Shimo la mita moja kwa mita moja, lenye kina cha mita 3, linachukua lita 3,000. Kwa hiyo litajaa baada ya miaka 10 hivi, na mapema zaidi kama tunatupia humo chupa, matambara na taulo za kike. Kaya 3,000 zikiwa na mashimo ya namna hiyo, ni lita 900,000 za tope kila mwaka, yaani mita za ujazo 900. Ndicho kinachokusanyika chini ya nyayo zetu kimyakimya, mwaka hadi mwaka.

Mwenye eneo pana hana tatizo kubwa, na napenda kulisema hili wazi kwa sababu wataalamu wengi huliruka. Shimo likikaribia kujaa unaacha nusu mita juu, unalifukia kwa udongo, unapanda mpapai au mgomba, unachimba jingine mbali na kisima. Udongo wenyewe utamaliza kazi. Hata hesabu za kimataifa zinaikubali njia hiyo kuwa ni choo salama. Wala mtu asije akawaambia kwamba bila bomba ninyi ni watu wa nyuma.

Tatizo linaanza pale eneo linapoisha. Nendeni kwenye senta yoyote ya biashara inayokua katika wilaya hii, iwe hapa au Kibaigwa penye soko la mahindi, mkaangalie viwanja. Nyumba mbele, duka pembeni, vyumba vya wapangaji nyuma, choo kimoja kona ya mwisho. Shimo la kwanza lilijaa, la pili likachimbwa palipobaki, na la tatu halina pa kuchimbwa. Shuleni ni vilevile: matundu ya vyoo yanaongezwa kila harambee, mpaka uwanja wa nyuma wote unakuwa mashimo yaliyofukiwa. Zahanati, nyumba ya wageni, stendi, machinjio, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kuhama na kuchimba upya kila baada ya miaka michache.

Yanayofuata shimo likijaa, Kongwa inayajua kupitia macho ya watoto wake. Tangu miaka ya 1980 wilaya hii imekuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa zaidi duniani kuhusu vikope, ugonjwa unaokunja kope kwa ndani hadi zikwaruze jicho na hatimaye kulipofusha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walifanya kazi hapa na wenzao wa Tanzania. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lao katika vijiji vya Kongwa: watoto ambao nyuso zao zilikuwa safi walipungukiwa na vikope vikali. Elimu hiyo iliyotoka katika vumbi letu ilichangia kuujenga mkakati wa Shirika la Afya Duniani unaotumika hadi leo wenye hatua nne: kufanya upasuaji wa kope, kutoa dawa, kunawa uso, na kuboresha mazingira. Hatua hiyo ya nne inahusu choo. Nzi anayepeleka vikope kutoka jicho hadi jicho hutaga mayai katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na shimoni hazaliani. Kwa hiyo kila shimo lililofurika hadi watoto wakarudi kichakani linamfungulia nzi huyo mlango tulioufunga kwa jasho.

Na yako maji ya chini. Mji wa Dodoma umeishi kwa visima vya Makutupora tangu enzi za ukoloni. Kumbukumbu za kina cha maji katika bonde hilo, zilizotunzwa tangu miaka ya 1950, zinaonyesha kwamba visima havijazwi na mvua za kawaida. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, hasa ile ya El Niño, kisha watu wanaishi kwa akiba hiyo kwa miaka. Mvua hiyohiyo kubwa inapita mashimoni kabla ya kufika chini. Mwaka 1996 mtaalamu wa miamba Hudson Nkotagu alichapisha utafiti kuhusu naitreti katika maji ya ardhini ya Dodoma, naye akakuta majitaka ni chanzo kikubwa. Naitreti ikizidi katika maji humnyima mtoto mchanga hewa katika damu yake, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Katika nchi kame kama yetu kisima kilichoharibika hakina mbadala wa karibu. Mwenzetu wa ukanda wa ziwa anaweza kuhamia chanzo kingine. Mgogo atahamia wapi?

Najua wapo watakaosema: basi tuletewe bomba la majitaka. Naomba tukumbuke mpango wa karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilimwaga matrekta hapa Kongwa ili ardhi hii ioteshe mafuta ya kupikia kwa ajili ya Waingereza. Mvua hazikutosha, udongo ulikauka ukawa mgumu hata karanga zikashindwa kung'oka, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ulikuwa mpango wa watu wasioiuliza ardhi. Bomba la majitaka nalo lina masharti yake. Maji ndani yake yanapaswa kukimbia angalau sentimita 60 kwa sekunde ili yasiache tope njiani, na ili yakimbie hivyo kila nyumba lazima imwage maji mengi kila siku. Familia inayohesabu ndoo, katika nchi inayopata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, tena katika msimu mmoja, italipia bomba litakaloziba. Katikati ya Jiji la Dodoma bomba lina maana, na lipo. Kwa Mlali ya leo halina.

Hata penye bomba, bomba peke yake halijasafisha kitu. London ilijenga mifereji yake mikuu baada ya uvundo wa mto Thames kulisumbua Bunge mwaka 1858, na kwa miaka mingi mifereji hiyo iliupeleka tu uchafu mtoni, mbele zaidi kuelekea baharini. Dar es Salaam ilifanya hivyohivyo: mabomba ya katikati ya mji yaliyolazwa enzi za ukoloni yalielekezwa Bahari ya Hindi. Sehemu nyingine za jiji hilo zina mabwawa, kama yale ya Vingunguti, lakini wakazi walio wengi wanaishi kwa mashimo na makaro. Wenye uwezo huita gari la kunyonya. Wasio na uwezo, au walio katika vichochoro ambamo gari haliingii, husubiri mvua kubwa, wakatapisha choo usiku, kinyesi kikashuka na mafuriko hadi mlangoni kwa jirani. Wengine huwaita vyura, vijana wanaoshuka shimoni kwa miguu na mikono yao. Hewa ya shimo huua mtu kabla hajapiga kelele, na vijana wa namna hiyo wamekufa. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa karibu nchi nzima. Ndiyo gharama ya kumwachia kila mtu shimo lake. Hatimaye wote hulipa, na aliyeishi bondeni hulipa kwanza.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya umaskini. Twendeni basi katika nchi yenye utajiri kuliko zote. Katika jimbo la Alabama, Marekani, ipo wilaya iitwayo Lowndes, kati ya Selma na Montgomery, njia waliyopita waandamanaji wa haki ya kupiga kura mwaka 1965. Wakazi wake wengi ni Weusi, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Udongo wao ni mfinyanzi mzito unaokataa kunywa maji, hivyo makaro ya kawaida hufurika. Mabomba ya mji hayawafikii. Sheria ya jimbo ilimtaka mwenye nyumba ajenge mfumo wake mwenyewe, na mfumo unaoufaa udongo ule una bei ya kumshinda mtu wa kipato chao, hivyo wengine walielekeza bomba la choo nyuma ya nyumba, uchafu ukatuama uani. Badala ya kusaidiwa, baadhi yao walitishiwa mashtaka. Mwaka 2017 watafiti walichapisha habari kwamba walikuta dalili za minyoo ya safura kwa watu wa huko, ugonjwa ambao Marekani ilidhani imeuzika. Mwanamke mmoja aliyekulia wilaya hiyo, Catherine Coleman Flowers, alizunguka na habari hiyo hadi nchi yake ikasikia. Mei 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifunga makubaliano na idara ya afya ya Alabama ili watu waache kushtakiwa na wasaidiwe. Aprili 2025 serikali mpya iliyavunja makubaliano hayo.

Nimekaa sana juu ya Lowndes kwa sababu inanifundisha kuliko takwimu. Nchi ile iliweza kupeleka watu mwezini, lakini ilikuwa imeamua kwamba choo cha mtu wa shamba ni shida yake binafsi. Uamuzi huo ukaleta minyoo ileile inayojulikana huku kwetu.

Sasa Japani. Kwa karne nyingi wakulima wa huko walinunua kinyesi cha watu wa mijini kwa fedha au kwa mboga, wakakitia mashambani. Baada ya Vita Kuu ya Pili mbolea ya kiwandani ilishuka bei, wakulima wakaacha kuja, na miji ikajikuta imekalia mali isiyo na mnunuzi. Japani ya wakati huo ilikuwa imeungua kwa mabomu, haikuwa na fedha za kulaza mabomba nchi nzima. Ilichofanya ni kuipa halmashauri jukumu hilo kwa sheria. Tangu miaka ya 1950 magari ya kunyonya yalipita nyumba kwa nyumba kwa ratiba, na serikali kuu ikachangia ujenzi wa mitambo maalumu ya kusafisha tope la vyoo. Tokyo ilipokaribisha Michezo ya Olimpiki mwaka 1964, treni ya kasi ya kwenda Osaka ikiwa imezinduliwa mwezi huohuo, sehemu kubwa ya wakazi wa jiji lile bado walihudumiwa na magari hayo. Sisi nasi tumepata treni yetu ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Haikatazwi kuwa na treni ya kasi na gari la kunyonya kwa wakati mmoja. Mwaka 1983 Japani ikatunga sheria mahususi ya matangi madogo ya kusafishia majitaka nyumbani, kwa ajili ya vijiji ambavyo bomba lisingefika, pamoja na ukaguzi wa lazima wa matangi hayo. Hadi leo yapo mamilioni ya watu wanaoyatumia, na hakuna anayewaita watu wa nyuma.

Karibu zaidi nasi ni Durban, Afrika Kusini. Kipindupindu kiliupiga mkoa wa KwaZulu-Natal kuanzia mwaka 2000, na mwaka huohuo mipaka ya jiji ilipanuliwa ikameza vijiji vya milimani visivyo na bomba. Manispaa ya eThekwini, inayoliendesha jiji hilo, ilikiri kwamba bomba halitapanda vilima vile. Ikawajengea watu vyoo vya vyumba viwili vinavyopokezana, vinavyotenga mkojo na kinyesi, na kwa wenye vyoo vya shimo vilivyoboreshwa ikajipa kazi ya kuvinyonya bure mara moja kila miaka 5. Haikuwa kazi rahisi. Takataka zilizotupwa mashimoni ziliziba mipira, na baadhi ya wananchi hawakuvipenda vyoo vile vikavu, walitaka cha kuvuta maji kama cha mjini. Lakini mama mwenye shimo lililojaa alijua anakwenda ofisi gani.

Kampala ilianza na mahali pa kumwaga. Mwaka 2014 mtambo wa Lubigi ulifunguliwa ukiwa na sehemu ya kupokea tope la vyoo kutoka kwenye magari, kwa sababu wakazi wengi mno wa jiji lile hawajaungwa na bomba. Gari lenye mahali halali pa kumwaga, palipo karibu, halina sababu ya kumwaga usiku katika mfereji wa Nakivubo unaopita jijini humo.

Malaysia na Ufilipino zinatufundisha habari ya malipo. Huko Malaysia kampuni binafsi ilianza kuhudumia majitaka ya nchi mwaka 1994, ikawatumia wananchi ankara ya pekee ya majitaka. Wananchi wengi walikataa kuilipa, na mwaka 2000 serikali ikalazimika kuichukua kampuni. Manila mashariki walifanya kinyume: mchango wa majitaka uliwekwa ndani ya ankara ya maji, na gari hupita mtaani kila baada ya miaka 5 hivi kunyonya karo la kila mteja bila malipo mengine. Mtu hulipa kidogokidogo kwa kitu anachokihitaji kila siku, na siku gari linapofika hahitaji kutafuta fedha nyingi kwa mkupuo. Naona Manila walikuwa na akili zaidi.

Na Muscat, waliko ndugu zetu wengi wenye asili ya Unguja na Pemba, nako nyumba nyingi zilitegemea makaro na magari. Mwaka 2002 Oman iliunda kampuni ya umma ya majitaka. Leo maji yaliyosafishwa yananywesha bustani za kandokando ya barabara, tope linachanganywa na majani likauzwa kama mbolea, na mabwawa ya Al Ansab yamekuwa kituo cha ndege wa majini. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi kame ya Afrika, imekuwa ikisafisha majitaka hadi kuwa maji ya kunywa tangu mwaka 1968. Nchi isiyo na maji ya kuchezea ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kuyathamini majitaka yake.

Tumerudi Mlali. Mwaka 2019 Bunge lilitunga Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5, na Julai mwaka huo wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, RUWASA, ukaanza kazi. Sheria inaweka maji safi na usafi wa mazingira katika kapu moja, chini ya wakala mmoja, na chini ya vyombo vya jamii vinavyosimamia mradi ngazi ya kijiji. Jukumu la umma limeshaandikwa. Kilichobaki ni kulidai na kulitekeleza. Mradi wa maji unapokuja, michoro huletwa, kisima, tangi, bomba, vituo vya kuchotea. Naomba tangu leo hapa Mlali, mhandisi akishatandaza mchoro wake mezani, mtu mmoja anyanyue mkono aulize: na maji haya yakishatumika yanakwenda wapi? Kwa sababu bomba likifika nyumbani, choo cha kuvuta kinafuata, na choo cha kuvuta hujaza shimo haraka kuliko choo cha ndoo moja.

Jiji la Dodoma lina mabwawa yake ya Swaswa chini ya mamlaka ya maji ya jiji, DUWASA. Lakini jiji hilo lilikuwa na watu zaidi ya 765,000 kwa sensa ya 2022, na kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 100. Hakuna mwenye gari atakayebeba tope umbali huo na kurudi kwa bei ambayo mwenye duka la Mlali anaweza kuilipa. Atalimwaga korongo la kwanza lisilo na macho. Wilaya hii inahitaji mahali pake.

Mahali hapo hapahitaji mtambo wa kutisha. Panahitaji vitanda vya kukaushia: kuta fupi za tofali, chini kokoto, juu mchanga. Tope linamwagwa kimo cha sentimita 20 au 30, maji yanachuja chini, jua linakausha juu. Jua tunalo. Baada ya wiki chache tope linaparuzwa kwa beleshi. Maji yaliyochujwa yanapelekwa kwenye mabwawa mawili au matatu yanayofuatana, la kwanza lenye kina ili uchafu uzame na kuoza pasipo hewa, mengine ya kina kifupi ambamo mwani na mwanga wa jua huua vijidudu. Hakuna umeme, hakuna kemikali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameonyesha kwa miaka mingi kwamba hata vitalu vya kokoto vilivyopandwa matete husafisha maji ya namna hii. Kwa zile mita za ujazo 900 tulizozikadiria, vitanda, mabwawa na ghala la kuhifadhia vingeenea ndani ya eneo la uwanja mmoja wa mpira.

Tahadhari moja haina mjadala. Tope likikauka halijawa salama. Mayai ya minyoo huishi humo miezi mingi, kwa hiyo lihifadhiwe kavu zaidi ya mwaka mmoja, au lichanganywe na mabua na samadi lipate joto la kuyaua, kabla halijaguswa na mkulima. Baada ya hapo ni mbolea ya mahindi, alizeti na zabibu. Moshi, wakulima wa mpunga wa Mabogini wamekuwa wakitumia maji yanayotoka kwenye mabwawa ya mji wao. Sisi ambao tumeishi na samadi ya ng'ombe tangu mababu hatuhitaji kufundishwa thamani ya kitu kama hiki, tunahitaji kufundishwa subira yake.

Wanaofanya kazi hiyo wawe watumishi wenye vitambulisho, buti, glavu na dawa za minyoo, wenye pampu, na asishuke mtu shimoni kwa sababu yoyote. Malipo yapitie kwenye maji: senti kidogo katika ankara ya mwenye bomba nyumbani, na anayechota kwa ndoo kituoni asiongezewe kitu. Najua kuna wahasibu watakaopinga hili la mwisho. Mwenye ndoo ndiye anayetumia maji machache kuliko wote na ndiye anayeugua kwanza mambo yakiharibika, sioni haki ya kumtoza.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha ya mfadhili wala ya wilaya. Inahitaji mkutano mkuu wa kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa ninyi mamlaka ya kuuandaa. Tengeni ekari mbili au tatu sasa, kabla viwanja havijapimwa hadi huko. Eneo liwe kwenye mteremko wa chini kuliko visima, si juu yavyo, mbali na korongo linalofurika masika, upande ambao upepo wa kiangazi hautaupeleka uvundo shuleni, na kando ya njia ambayo gari zito linaweza kuipita hata Februari. Wazee wanaojua maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa ndio watembee na afisa ardhi siku ya kuweka alama. Ramani ibandikwe ukutani katika ofisi ya kijiji, na muhtasari wa mkutano upelekwe halmashauri Kongwa ukiwa na sahihi.